Uzima, uzazi na mapendo: swali la maisha mema katika Utubora Mkulima na Kichwamaji

0. Utangulizi

Swali la maisha mema ni la kale katika fasihi ya Kiswahili. Mshairi wa Al-Inkishafi aliliuliza mbele ya magofu ya Pate, alipotazama majumba yaliyokuwa na taa na wageni yakiwa makao ya popo. Jibu lake lilikuwa la kidini: dunia yapita, moyo na uzinduke. Riwaya ya karne ya 20 ilirithi swali hilo, lakini ikalihamisha mahali. Haiulizi tena mtu afe vipi. Yauliza aishi vipi baada ya kupata shule, mshahara na mji, na je, vitu hivyo vikiwa mkononi, maisha yamekuwa mema?

Makala haya yanachunguza majibu mawili yaliyo mbali sana moja na jingine. La kwanza ni la Shaaban Robert (1909-1962) katika Utubora Mkulima, riwaya iliyochapwa mwaka 1968, mwandishi akiwa amekwisha kufariki. La pili ni la Euphrase Kezilahabi (1944-2020) katika Kichwamaji, iliyotoka mwaka 1974. Kulinganisha waandishi hawa si jambo la kubuni: tasnifu ya Kezilahabi ya mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilihusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Anayemjibu mtangulizi wake katika riwaya ni mtu aliyemsoma kwa makini.

Wahakiki wengi wamezoea kusema kwamba Shaaban Robert ni mwandishi wa matumaini ya kale na Kezilahabi ni mwandishi wa kukata tamaa, aliyejifunza kukata tamaa huko kutoka falsafa ya Ulaya. Makala haya yanapinga nusu ya pili ya hukumu hiyo. Yanajaribu kuonyesha kwamba Kazimoto, mhusika mkuu wa Kichwamaji, anaangamia kwa kipimo cha nyumbani, na kwamba kipimo hicho kimewahi kutamkwa wazi kwa Kiswahili hapa Katanga, katika maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo.

1. Busutamu, au wema wa jembe

Kisa cha Utubora Mkulima ni chepesi. Utubora ni karani wa tajiri mmoja Unguja. Ana kazi ya kuonewa wivu, naye anaaminiwa na bwana wake. Hata hivyo anaiacha kalamu na mshahara, anakwenda Busutamu, mahali ambapo jina lake tu latangaza utamu, na huko anashika jembe. Hakufukuzwa wala hakufilisika. Uamuzi wake ni wa mtu huru, na hapo ndipo uzito wa riwaya ulipo.

Katika miaka ambayo Shaaban Robert aliandika, ukarani ulikuwa kilele cha tamaa ya kijana aliyesoma. Mwandishi mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa muda mrefu wa maisha yake; alijua thamani ya meza na kiti. Kumwandikia msomaji wa wakati ule juu ya karani anayerudi shambani kwa hiari kulikuwa kumpindulia ngazi aliyokuwa akiipanda. Riwaya yadai kwamba kazi ya mkono si adhabu ya asiyesoma, kwamba anayejilisha kwa jasho lake hamwogopi mtu, na kwamba utu hukua pale mtu anapomjua jirani yake kwa jina na kwa shida yake.

Lakini udhaifu wa jibu hili nao hauna budi kutajwa. Busutamu haina mtoza kodi. Haina nyapara, haina bei ya pamba inayopangwa mbali, haina ukame wa miaka miwili mfululizo. Ardhi inampokea Utubora kama mama ampokeavyo mwana. Mwanafunzi wa Kongo aliyesikia kwa babu yake habari za kilimo cha lazima wakati wa Wabelgiji atauliza mara moja: jembe hili ni la nani, na mavuno yanakwenda wapi? Shaaban Robert hajibu, kwa sababu Busutamu ni mahali pa kuonyesha wema na si ramani ya nchi. Maisha mema yanayoonyeshwa humo ni ya kweli kama shabaha. Njia ya kuyafikia ndiyo imeachwa gizani.

2. Majina yaliyogeuka

Kwa Shaaban Robert jina la mhusika ni ahadi itakayotimizwa. Adili ni mwadilifu, Majivuno hujivuna, Utubora ana utu bora. Msomaji akilisikia jina amekwisha kujua mwisho wa safari. Kezilahabi aliichukua desturi hiyo akaigeuza juu chini. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), kijana aitwaye Tumaini anatapanya urithi, anatulia na kuwa mkulima mkubwa, shamba lake linataka kuchukuliwa wakati wa siasa ya Ujamaa, naye anaua kiongozi wa serikali na kuhukumiwa kifo. Tumaini anaishia mikononi mwa mnyongaji. Katika Kichwamaji, mtu aitwaye Kazimoto, jina la bidii na juhudi, ndiye asiyeona sababu ya kufanya jambo lolote.

Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Anarudi Ukerewe wakati wa likizo na kujikuta mgeni kwao. Elimu imempa maswali juu ya Mungu, juu ya kifo na juu ya thamani ya juhudi za binadamu, na majibu ya wazee hayamtoshi tena. Mwenzake wa utotoni, Manase, amepata cheo serikalini. Ana ofisi, ana watu wanaomngojea mlangoni. Manase huyo anampa mimba Rukia, umbu la Kazimoto, na mwisho wa msichana huyo ni kifo. Kazimoto anakusudia kulipiza kisasi kwa Sabina, umbu la Manase. Kisasi kinageuka ndoa. Ndoa inaingiliwa na maradhi, mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi wala haishi, na mwishowe Kazimoto anajiua.

Huo ndio muhtasari unaowafanya wasomaji wengi waifunge riwaya wakisema kwamba mwandishi hana la kufundisha. Hukumu hiyo ni ya haraka. Riwaya inayosimuliwa na mtu anayekata tamaa si lazima iwe imekata tamaa. Daktari anayeeleza namna mgonjwa alivyokufa hasifu kifo. Anawaonyesha walio hai mahali ugonjwa ulipoingilia.

3. Je, Kazimoto ni mgeni wa Camus?

Jina linalotajwa mara nyingi karibu na Kichwamaji ni la Albert Camus, na istilahi inayoandamana nalo ni udhanaishi. Hoja yafahamika: Kezilahabi alikuwa msomaji wa falsafa, Kazimoto ni mgeni duniani kama Meursault wa L'Étranger (1942), basi Kichwamaji ni mti wa Ulaya uliopandwa kando ya Ziwa Nyanza.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inaposukumwa hadi mwisho inavunjika, tena kwa ushahidi wa Camus mwenyewe. Katika Le Mythe de Sisyphe, kitabu kilichotoka mwaka huo huo wa 1942, Camus aliweka swali la kujiua mwanzoni kabisa, kisha akatumia kitabu kizima kulikataa. Kwake, mtu akikwisha kutambua kwamba dunia haimjibu, wajibu wake ni kuendelea kuishi huku ameyafumbua macho. Meursault naye hajiui. Anahukumiwa na mahakama, na katika usiku wake wa mwisho anagundua kwamba alikuwa na furaha. Kwa hiyo Kazimoto anafanya lile lile ambalo Camus alilikataza. Ama Kezilahabi alimsoma Camus vibaya, jambo ambalo ni gumu kuaminika, ama Kazimoto anakufa kwa sababu nyingine.

Sababu hiyo nyingine inaonekana msomaji anapotazama ni lini Kazimoto anajiua. Hajiui katika siku za mabishano juu ya Mungu. Mawazo mazito ameishi nayo kurasa nyingi bila kuinua mkono dhidi ya nafsi yake. Anajiua baada ya umbu lake kufa, baada ya mwili wake na wa mkewe kuingiliwa, na baada ya mtoto kutoka bila uhai. Meursault alisimama peke yake chini ya jua. Kazimoto anaangamia akiwa mwana, kaka, mume na baba. Dhana tupu hazikumwua. Aliuawa na kukatika kwa kamba zote zilizomfunga kwa watu.

4. Maneno matatu ya Katanga

Ili kuzitaja kamba hizo kwa majina yao, msomaji wa Kongo hana haja ya kwenda mbali. Mwaka 1945 kilichapwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kitabu cha padri Mfransisko Placide Tempels kiitwacho La philosophie bantoue. Tempels alidai kwamba kwa Mbantu kuwako ni kuwa na nguvu ya uzima, na kwamba jema ni lile liongezalo nguvu hiyo, baya ni lile liipunguzalo. Ubishi uliofuata wafahamika. Fabien Eboussi Boulaga mwaka 1968, kisha Paulin Hountondji mwaka 1976, waliuliza kwa ukali ni nani anayesema katika kitabu hicho: Mbantu, au Mzungu anayemsemea? V. Y. Mudimbe, aliyepata kufundisha hapa Lubumbashi, naye alikihoji kitabu hicho kama sehemu ya maktaba ambayo wageni waliitunga juu ya Afrika.

Lililosahauliwa katika ubishi huo ni lile lililofuata kwa Kiswahili. Miaka ya 1950 Tempels alikuwa Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa migodi ya Union Minière du Haut-Katanga. Hapo kilizaliwa kikundi cha Jamaa. Waliojiunga walikuwa watu na wake zao, nao waliitana baba na mama. Mafundisho yao yalikwenda kwa mdomo, kwa Kiswahili cha Katanga, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyachunguza katika kitabu kilichotoka mwaka 1971. Kiini cha mafundisho hayo kilikuwa kwamba kila binadamu ana haja tatu: uzima, uzazi na mapendo.

Maneno haya yastahili kupimwa kama maneno, kabla hayajapimwa kama dini. Lugha ya Kiswahili ina neno maisha, lenye asili ya Kiarabu, linalotaja kuishi na riziki ya kuishi. Ina pia neno uzima, lenye asili ya Kibantu, linalobeba mambo matatu kwa pamoja. Mzima ni asiyekufa. Mzima ni asiye mgonjwa. Na mzima ni kamili, asiyemeguka, kama mkate mzima na siku nzima. Mtu aweza basi kuwa na maisha bila kuwa na uzima. Tofauti hii yatosha kufungua mlango wa Kichwamaji.

Uzazi nao haukuishia kwenye kuzaa kwa mwili. Katika Jamaa, aliyemwongoza mwenzake katika mafundisho alihesabiwa kuwa amemzaa. Mapendo, neno ambalo Kiswahili cha Kongo hulitumia pale ambapo wengine wangesema upendo, yalianzia kati ya mume na mke, yakaenea kwa wengine. Haja hizi tatu hazitenganiki: mapendo huzaa, uzazi huendeleza uzima, uzima hutafuta wa kupendana naye.

5. Kipimo katika Kichwamaji

Kazimoto akiwekwa mbele ya maneno hayo matatu, anguko lake lapata umbo. Uzima wake umemeguka mapema: akili yake yakaa chuoni, mwili wake kijijini, na baadaye maradhi yanaingia katika mwili huo. Mapendo yake yana sumu tangu shina, kwa kuwa alimwendea Sabina kama silaha ya kumpiga Manase. Ni kweli kwamba riwaya inamruhusu kumpenda baadaye, na kurasa hizo ni kati ya zile zenye huruma zaidi. Lakini nyumba inajengwa juu ya msingi uliowekwa kwa nia ya kubomoa. Uzazi wake unakuja ukiwa na alama ya yote yaliyotangulia: mtoto mwenye kichwa kikubwa, asiyeishi. Jina la kitabu latoka hapo, nalo lina maana mbili. Latukana asiye na akili, na lataja maradhi ya mtoto. Wasomi wenye vichwa vikubwa kwa vitabu wamezaa watoto wenye vichwa vikubwa kwa ugonjwa.

Manase naye anapimika kwa kipimo hicho. Kwa macho ya kijiji yeye ndiye aliyefaulu, na ndani ya nyumba yake yamo maradhi yale yale. Cheo hakikumlinda. Hapa Kezilahabi na Shaaban Robert, waliodhaniwa kuwa maadui, wanakutana. Wote wawili wanakana kwamba mshahara ndio maisha mema. Utubora alilijua jambo hilo akaondoka ofisini mikono yake ikiwa safi; Manase hakulijua, na Kazimoto alilijua kwa kichwa tu.

Pingamizi mbili zaweza kutolewa. Ya kwanza: je, ni haki kupima riwaya ya Ukerewe kwa maneno ya Kolwezi? Jibu ni kwamba maneno yenyewe ni ya Kiswahili chote, na riwaya ndiyo inayoyaita, kwa kuwa kila pigo linalomfikia Kazimoto linalenga moja ya haja hizo tatu. Kipimo hakikuletwa na mhakiki. Kimekuta kazi tayari.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilifuata siasa ya kumtuliza mfanyakazi kambini pamoja na mke na watoto, kwa faida ya kampuni. Mafundisho yanayosifu ndoa, uzazi na utulivu, yakianzishwa na padri katika mji wa kampuni, yaweza kushukiwa kuwa wimbo wa mwajiri. Shaka hiyo ni ya haki, na Eboussi na Hountondji wamefundisha kutoidharau. Hata hivyo Tempels alirudi Ubelgiji moja kwa moja mwaka 1962, na maneno yakabaki. Wafanyakazi waliendelea kuyafikiri, kuyafundisha, hata kuyagombania kati yao na pamoja na maaskofu wao. Maneno ya mwajiri hayagombaniwi hivyo. Watu hugombania kilicho chao.

Tena yako mambo ambayo Jamaa iliyaona na Shaaban Robert hakuyaona. Utubora alilazimika kuhama ili aishi vema. Baba na mama wa Kolwezi hawakuwa na Busutamu ya kukimbilia. Walitafuta maisha mema pale pale, katika nyumba ya kambi, kati ya zamu na zamu, kwa kuanza na mtu waliyelala naye chumba kimoja. Jibu hilo ni dogo kuliko la Utubora kwa ukubwa wa ndoto, lakini ni kubwa kwa idadi ya watu wanaoweza kulifuata.

6. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Utubora Mkulima na Kichwamaji zauliza swali moja, na kwamba riwaya ya pili haifahamiki vema ikielezwa kwa udhanaishi wa Ulaya peke yake. Kazimoto aliuliza maswali ya Camus, lakini alipotezwa na mambo ambayo Camus hakuyaweka mbele: uzima uliomeguka, uzazi uliokatika, mapendo yaliyoanza kama kisasi. Kezilahabi mwenyewe hakulifunga swali. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) alianza tena safari ya kutafuta, akaiacha njia ya kisa cha kawaida, kana kwamba riwaya ya zamani haikumtosha kubeba jibu.

Kwa msomaji wa Katanga swali hili halikai vitabuni. Mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10.000 waliondoka Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière, na wengi wao walishika jembe kama Utubora, ila bila hiari yake. Baadhi walipata katika mashamba hayo heshima ambayo hawakuitazamia. Wengine walipata njaa. Shaaban Robert peke yake hawezi kuwaeleza wa pili, na Kezilahabi peke yake hawezi kuwaeleza wa kwanza.

Kwa mwalimu wa fasihi, matokeo ni ya wazi. Vitabu hivi viwili vifundishwe pamoja, katika mwaka mmoja, na mwanafunzi aombwe kutafuta katika kila kimoja mahali ambapo uzima unaongezwa na mahali ambapo unapunguzwa, na kwa mkono wa nani. Atagundua kwamba mara nyingi mkono huo si wa Mungu wala wa dunia isiyojibu, ila ni wa mtu fulani mwenye jina: Manase mbele ya Rukia, Kazimoto mbele ya Sabina. Ugunduzi huo ni wa uhakiki, na papo hapo ni wa maadili, kwa kuwa mwanafunzi anayesoma Kichwamaji katika chumba cha chuo kikuu anasoma habari za mtu aliyekuwa na umri wake, shule yake na likizo yake.